Bunduki ya Mjomba Haikuwa Mchezo, Lakini Maneno Yake Tuyaandike

Katika semina ya leksikografia muhula uliopita tulipewa kazi ndogo. Kila mmoja achague chombo kimoja cha kazi anachokijua nyumbani kwao, akusanye maneno ishirini yanayokihusu, ayalete darasani. Mmoja alileta maneno ya mtumbwi wa Ziwa Kisale. Mwingine alileta ya tanuri la makala. Wa tatu, mtoto wa mfanyakazi wa njia ya chuma, alileta ya garimoshi. Mimi nilileta maneno ya gobori, yaani ile bunduki ya zamani inayotiwa baruti na risasi kwa mdomoni kisha ikashindiliwa kwa fimbo. Nilikuwa nimepata kumi na matatu tu.

Sijamaliza kusoma orodha yangu, mwenzetu mmoja akatoa simu na kutuonyesha video ya wazee wa Ulaya waliovaa kofia za zamani. Wamesimama mstarini uwanjani, wanamimina baruti, wanalenga shabaha ya karatasi, moshi mweupe unawafunika, wanacheka. Kwao ni burudani ya mwisho wa juma. Mwenzetu akauliza: mbona sisi tusianzishe chama kama hicho hapa Kamina? Magobori yapo, wahunzi wapo, na mgeni anayekuja kutazama Parki ya Taifa ya Upemba angelipa ili apige risasi moja. Darasa likacheka, halafu likaanza kujadili kwa dhati. Mwalimu akakata mjadala: habari za magobori ni za polisi, si za fakulte ya lugha.

Nimeyafikiri maneno ya wote wawili kwa miezi kadhaa. Kwa mwenzangu nasema hapana. Kwa mwalimu wangu, kwa heshima zote, nasema pia hapana. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe kwa jicho la mwanaisimu. Kiswahili cha pwani kiliziita bunduki hizi kwa namna moto unavyoingia ndani. Iliyowashwa kwa utambi iliitwa bunduki ya mrao. Iliyowashwa kwa jiwe la kugonga cheche ikawa gumegume. Ilipokuja kofia ndogo ya shaba yenye dawa inayolipuka ikigongwa, ikawa bunduki ya fataki. Historia yote ya teknolojia hiyo, iliyochukua karne nyingi, imekaa katika maneno matatu. Yapo na mengine: kasiba na mtutu, mtambo, kitako, mdeki wa kushindilia, marisau zile risasi ndogondogo, na shura, ile chumvi inayochanganywa na makaa na kibiriti ili kupata baruti. Anayeshangaa kibiriti kinafanya nini humo akumbuke kwamba neno hilo kwa asili ni jina la madini ya njano yanayonuka, kabla halijawa jina la njiti za kuwashia moto jikoni.

Kamusi ya Frederick Johnson na ile ya Charles Sacleux, zote mbili za mwaka 1939, ni hazina kwa maneno ya aina hii. Lakini hizo ni kamusi za pwani. Nilipomsomea mjomba wangu neno mdeki, alinitazama kama nimemtukana. Kwake ile fimbo ni kamuti, kamuti ka kusukumia, basi. Hapo ndipo nilipoona kazi ilipo. Kile kiambishi ka- cha udogo, ambacho Kiswahili sanifu kimekiacha kwa ki-, kiko hai katika mikono ya mwindaji wa huku kwetu, na hakuna kamusi ya bunduki iliyomwendea kumuuliza.

Bunduki ilifikaje huku? Msomaji wa Kamina hana haja ya kwenda mbali. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Kilemba, katika nchi ya mfalme wa Waluba Kasongo Kalombo. Alimkuta huko Juma Merikani, mfanyabiashara aliyetoka upande wa pwani ya mashariki. Alimkuta pia José António Alves aliyetoka Angola. Barabara mbili za baruti zilikutana mlangoni pa mfalme mmoja. Kusini kidogo, Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi, alijenga dola yake Bunkeya kwa shaba, pembe na watumwa, na baruti yake ilikuja kwa misafara ya magharibi, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa kwa ajili ya Dola ya Kongo ya Leopold. Upande wa kaskazini alipita Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wasifu wake ni miongoni mwa maandishi ya kwanza makubwa ya nathari ya Kiswahili. Yeye mwenyewe anaeleza humo kwamba jina la Tippu Tip alipewa na wenyeji kwa sababu ya mlio wa bunduki zake. Sisi tunaofundishwa tanakali za sauti kwa mifano ya vyungu kuvunjika na mvua kunyesha, tukumbuke kwamba tanakali mashuhuri kuliko zote katika historia ya nchi hii ni sauti ya gobori, na watu walioitunga walikuwa wanaikimbia.

Halafu zikaja sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Kamina imo katikati. Lakini mkataba huohuo uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizochongwa mifuo ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, walikuwa wakitengeneza bunduki kama hizo kwa wingi kwa ajili ya soko la Afrika. Kwa hiyo gobori halikubaki kwetu kwa sababu babu zetu walipenda mambo ya kale. Lilibaki kwa sababu wengine waliamua kwamba silaha iliyopitwa na wakati ndiyo inayotufaa. Na mhunzi wa kijijini, aliyerithi ufundi mkubwa wa chuma ambao Waluba wanaufungamanisha na mfalme wao Kalala Ilunga, aliutazama mtambo ule akaona anauweza.

Sasa turudi kwa mchezo. Simlaumu mtu wa Ulaya au Marekani anayepiga gobori kwa kujifurahisha. Chama cha Wamarekani wa bunduki hizi kilianzishwa mwaka 1933, na wanakutana katika mji mdogo wa Friendship, Indiana. Tangu 1971 kuna kamati ya kimataifa, MLAIC, inayosimamia mashindano ya shabaha kwa nchi nyingi. Moroko ina Tbourida, wapanda farasi wanaokimbia sambamba na kufyatua bunduki za baruti kwa pamoja mpaka ukasikia mlio mmoja. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Watu hawa wana kanuni, wana baruti ya kiwandani iliyopimwa, wana mitutu iliyokaguliwa, wana uwanja wenye mwamuzi. Zaidi ya yote wana umbali. Vita ambavyo bunduki zile zilipigana vimekuwa somo la shule. Hakuna mtazamaji anayesikia ule mlio akajificha chini ya kitanda.

Sisi umbali huo hatuna. Mjomba nilipomweleza video ile alifikiri kwa muda, akaniuliza: "Beko banacheza na baruti?" Nikasema ndiyo. "Ile ni batu ba kushiba," akasema. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto, ule usio na vidole viwili, kwa kuwa gobori lake la kwanza lilipasuka mtutu. "Hii haikuwa muchezo, mwana." Alikuwa akitafuta nyama, na akibahatika, kitu kidogo cha kuuza ili alipe ada ya watoto wa dada yake, mama yangu akiwa mmoja wa waliosomeshwa kwa baruti hiyo.

Na tusisahau yaliyotokea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kutoka Malemba-Nkulu hadi Mitwaba, vijana wa Mayi-Mayi walibeba bunduki za vita walizopewa, na waliokosa hizo walibeba magobori, pinde na mapanga. Vijiji viliungua, watu walikimbilia barabarani na kandokando ya reli. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha Mitwaba mwaka 2006, lakini hofu haisalimishwi siku moja. Walinzi wa Upemba wamekufa kazini. Mwindaji mwenye njaa na mlinzi mwenye mshahara mdogo wamekutana porini, na mmoja wao hakurudi nyumbani. Katika mkoa wenye kumbukumbu hizo, kumkodishia mtalii gobori apige picha na moshi ni kumwambia mjane kwamba lile lililomuua mumewe sasa ni kichekesho. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 haihitaji hata kutajwa. Adabu inatosha.

Ndiyo maana namwambia mwenzangu hapana. Sasa nije kwa mwalimu wangu, aliyesema habari hizi si za fakulte ya lugha.

Wale wazee wa video wana kitu kimoja ninachowaonea wivu, nacho si bunduki. Ni maneno. Kwa kuwa wanashika chombo, wanashika na majina ya kila kipande chake. Kijana wao wa miaka ishirini anajua jina la kila skrubu ya mtambo ulioacha kutumika vitani kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Na hata asiyegusa bunduki bado anaongea kwa lugha yake. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema mtu asiye na akili nyingi hakuvumbua baruti, na jambo lililoshindwa taratibu tunalisema kwa usemi "faire long feu", bila kukumbuka kwamba usemi huo ulitoka kwa mpigaji aliyengoja baruti iliyokuwa inawaka polepole isivyopaswa.

Kiswahili nacho kimefanya hivyohivyo. Mwanamume asiye na kazi wala msaada nyumbani anaitwa mume gumegume. Asemaye hivyo sokoni Mombasa hajawahi kuona jiwe la kugonga cheche, lakini dharau ya bunduki iliyopitwa na wakati imebaki katika neno. Huko Tanzania, tangu kampeni ya redio ya mwaka 2008 iliyowaonya watu wazima wanaowarubuni wasichana wa shule, jina fataki limekuwa aibu ya wanaume wa aina hiyo. Anayepindua serikali hutawala kwa mtutu wa bunduki. Warundi huziita bunduki zinazotengenezwa vijijini mugobore, ndugu wa gobori letu. Chombo kikifa, maneno yake huhamia katika maisha mengine. Lakini huhama kwa sharti moja: yawe yamesemwa hadharani kwanza.

Kwetu hayasemwi hadharani. Yanasemwa chini ya sauti, porini, kati ya watu watatu. Hapa ndipo tofauti kati ya mchezo wa wengine na riziki yetu inapogeuka kuwa jambo la kiisimu. Msamiati wa burudani huandikwa vitabuni kwa sababu mwenye burudani hana la kuficha. Msamiati wa anayetafuta nyama bila kibali hufichwa pamoja naye, na huzikwa pamoja naye. Sheria inaweza kuichukua bunduki, na mimi nakubali iichukue. Haikukusudia kuyachukua maneno, lakini yanakwenda katika gunia lilelile.

Tena ni maneno yanayojibu maswali yetu ya darasani. Chukua hili la kuipa jina bunduki. Kiswahili kilikuwa na uta, wingi wake mata, kikauacha kwa upinde na kukopa bunduki kutoka Kiarabu. Lingala nayo ikasema mondoki. Kibemba kina imfuti, na Kichewa na Kishona vina neno hilohilo kwa matamshi yao. Kikaonde, Kilunda na Kiluvale havikukopa kitu: vilichukua shina lilelile la Kibantu la upinde vikalivika bunduki. Kwa hiyo ndani ya safari ya siku mbili kutoka Kamina unakuta njia mbili za lugha kukutana na kitu kigeni: kukopa jina, au kukikaribisha katika jina la zamani. Na sisi ndio watu wa Mbidi Kiluwe, mwindaji wa upinde aliyemzaa Kalala Ilunga, watu ambao wafalme wao waliuweka upinde kwenye kishikilio cha kuchongwa kama alama ya enzi. Kama kuna mahali pa kuuliza jinsi upinde ulivyoipokea bunduki katika lugha, ni hapa. Kamusi ya Kiluba ya Van Avermaet na Mbuya ya mwaka 1954 ni msingi mzuri, lakini tangu 1954 vizazi vitatu vimewinda, vimetengeneza, vimebuni majina.

Najua hoja nyingine atakayoitoa mwalimu, maana aliwahi kuigusa: kwamba haya ni maneno ya biashara ya utumwa na vita, na fakulte inayojenga heshima ya lugha za Kiafrika ina mengine ya kutukuza. Naiheshimu hoja hii kuliko ile ya polisi. Lakini Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni katika Kongo, alituonyesha kwamba lugha tunayoisema haikufika Katanga kama zawadi safi. Ilipita katika misafara, kambi, misheni na migodi. Kiswahili na baruti vilibebwa na wapagazi walewale. Tukiyafuta maneno ya baruti ili historia ya lugha ipendeze, tutakuwa tumewafuta wapagazi mara ya pili. Kurekodi neno si kulisifu. Daktari anayeandika jina la ugonjwa hajaupenda.

Napendekeza nini basi? Mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, fakulte ikubali msamiati wa uwindaji na uhunzi kama mada halali ya kazi ya mwisho wa mwaka, kama inavyokubali uvuvi na mapishi. Wazee wanaojua wapo Kamina kwenyewe, wengine ni wastaafu wa reli walioacha bunduki zamani. Si lazima mtu aende porini.

La pili, tuwe na kanuni kabla ya kuwa na kinasa sauti. Jina la mzee lisiandikwe, wala la kijiji chake. Tusiulize nani anamiliki nini leo; tuulize kilichokuwa kikisemwa jana. Na tusiandike namna ya kutengeneza chochote. Jina la kitu na kazi yake vinatosha kwa kamusi; vipimo vya baruti si kazi ya mwanaisimu. Mwanafunzi asiyeweza kushika kanuni hizi abaki na maneno ya mtumbwi.

La tatu, tuandike kama inavyosemwa. Mzee akisema kamuti, tuandike kamuti, na mdeki uje baada yake kama jirani, si kama sahihisho. Nimeona kazi nyingi za wenzetu ambamo kila neno la huku limegeuzwa kuwa la Zanzibar kabla ya kufika ukurasani, kana kwamba mzee alikuwa akifanya mtihani.

Nimalizie kwa mjomba, kwa kuwa deni ni lake. Yeye hana bunduki. Alikabidhi gobori lake nilipokuwa mtoto mdogo, wakati programu ya makanisa ya PAREC ilipopita ikitoa baiskeli kwa kila silaha. Anasema alipata faida, maana kinga ile, kama tunavyoiita baiskeli huku, haikumla kidole hata kimoja. Bado anaipakia makala kwenda sokoni. Lakini nilipomwomba anionyeshe jinsi alivyokuwa akishindilia, alisimama uani mikono mitupu akafanya kila hatua: akamimina, akasukuma, akatia, akasukuma tena, akafuta, akainua. Kila hatua akaitaja jina. Alitabasamu alipofika kwenye mlio. Alikiri kwamba mlio ulikuwa mtamu, hasa siku ya arusi.

Alipofika pale kofia ya fataki inapokaa, kile kichuchu kidogo cha chuma, mkono ukasimama hewani. Jina lake alipewa na mhunzi aliyemtengenezea, kwa Kiluba, na mhunzi amekwisha kufa. Mjomba alilitafuta mpaka bukari ikapoa. Hakulipata. Katika daftari langu mstari wa kumi na nne una namba tu.